Joto Linalokula Luku

Wajukuu zangu, mkitembea vijiji vya Nkasi na vya Sumbawanga Vijijini, nje kidogo ya mashamba ya mahindi, mnaweza kukuta mnara wa udongo uliobomoka nusu, kwa mbali mkadhani ni kichuguu. Msiupande, wala msibandue hata kipande. Hilo ni ilungu, tanuru la wahenga wa Kifipa, na yakiwa mengi tunayaita malungu. Humo walichoma mawe yenye chuma pamoja na mkaa, wakapata chuma cha kufulia majembe, shoka na mikuki. Mavi ya chuma bado yametapakaa pale chini, meusi na mazito.

Sasa niulizeni: nani alikuwa anapuliza moto? Maana chuma hakitoki kwenye jiwe kwa moto wa kuchomea mahindi. Sehemu nyingi za Afrika wahunzi waliwapanga vijana wakavuta mivukuto mchana kutwa. Kwenye ilungu kubwa hapakuwa na mtu wa kuvuta. Wafipa walijenga mnara mrefu kumpita mtu mzima, mingine ikakaribia mita tatu, wakaacha matundu kuzunguka chini na kupitisha humo mabomba ya udongo. Moto ukishika, hewa ya moto ilipanda na kutokea juu, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa baridi iliyoingia kwa kasi kupitia yale mabomba. Tanuru likajipuliza lenyewe saa baada ya saa. Mivukuto waliitumia baadaye, kwenye tanuru dogo la kukisafishia kile chuma.

Mafundi wale hawakuwa na kitabu cha fizikia, lakini walijua jambo ambalo leo linamaliza hela anayotia mama yako kwenye Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla: hewa ikipata moto hupanda, na ikipata upenyo huondoka. Wao walilitumia wakapata majembe. Sisi tunaliacha lipite juu ya vichwa vyetu, tena tunalilipia.

Sisi tunakaa juu. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Ufipa ulioinuka katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Juni na Julai mchana jua linawaka na anga halina wingu, lakini usiku baridi hushuka mpaka karibu nyuzi 10, na asubuhi upepo unapenya sweta ya shule. Maandishi mengi ya kubana matumizi ya umeme yanazungumzia feni na viyoyozi. Hivyo waachieni watu wa Dar es Salaam. Huku kwetu umeme unaliwa na vitu vinavyotengeneza joto: hita, birika, pasi na jiko.

Na umeme wenyewe umetoka mbali. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Rukwa haukuwa kwenye gridi ya Taifa. TANESCO, shirika la umeme la nchi yetu, ilinunua umeme Zambia, ukavuka mpaka kutoka upande wa Mbala, na hapa mjini kukawa na jenereta za dizeli za kusaidia. Zambia nao hupata sehemu kubwa ya umeme wao kwenye maji, kule Kariba kwenye mto Zambezi na kwenye mto Kafue. Mvua ikikosekana kwenye mabonde yale, ambako wengi wenu hamjawahi kufika, kila anayetegemea umeme huo yuko mashakani. Mwaka 2024 ukame uliikumba Zambia vibaya mpaka serikali yao ikatangaza janga la taifa, na watu wao wakakaa saa nyingi kila siku bila umeme.

Kwa upande wetu ulianzishwa mradi wa laini kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600, ili Rukwa iungwe na gridi na nchi hizi mbili ziweze kuuziana umeme. Mtoto mdadisi atauliza: kwa nini volti nyingi kiasi hicho? Ni kwa sababu waya nao hupata joto. Umeme unaposafiri, sehemu yake hugeuka joto ndani ya waya na kupotelea hewani, na hakuna atakayeliota. Ukizidisha volti mara mbili, mkondo unaohitajika kupeleka nguvu ileile unapungua nusu, na joto linalopotea linashuka hadi robo. Hata wenye nguzo ndefu na mitambo mikubwa adui yao ni yuleyule: joto linalotoroka.

Haya, tuingie ndani ya nyumba. Nyumba nitakayowasimulia nimeitunga, nikaiweka pale Kizwite, hapa mjini Sumbawanga, ila hesabu zake ni za kweli na mnaweza kuzirudia kwenu. Anaishi mama, kaka wa kidato cha tatu, binti wa darasa la sita, na mjomba aliyekuja mjini kwa biashara ya maharage. Kila mwezi kabla haujafika katikati, Luku imekwisha. Mama anamgeukia kaka: "Hiyo simu yako, kutwa kucha iko kwenye chaji!" Mjomba naye anamgeukia binti: "Na wewe, usiku wote taa inawaka eti unasoma."

Binti alikuwa mbishi, na kubisha kwa hesabu si utovu wa adabu. "Shikamoo mjomba," alisema asubuhi ya Jumamosi, "naomba tupime kwanza, halafu ndio unigombeze."

Mita nyingi za Luku zina kijitaa chekundu kinachokonyeza. Pembeni yake pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kijitaa hicho hukonyeza mara 1,000 kwa kila uniti moja inayotumika. Kama mita yenu imeandikwa namba nyingine, tumieni hiyo. Kwa mita ya 1,000 hesabu ni nyepesi: hesabu sekunde tangu kikonyeze hadi kikonyeze tena, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumba nzima wakati huo. Kama mita yenu iko juu ya nguzo, asipande mtu. Someni salio kwenye kile kidude cha ndani cha kuingizia tokeni, na msome tena baada ya saa nzima.

Kaka na binti wakachomoa kila kitu, kisha wakaanza kuchomeka kimoja kimoja. Chaja ya simu: wakakaa, wakakaa, zikapita karibu dakika kumi ndipo kijitaa kikakonyeza. Taa ya LED ya wati 9, ile ya binti ya kusomea: karibu dakika saba. King'amuzi cha televisheni: dakika sita. Globu ya zamani ya wati 60 iliyokuwa ukumbini: dakika moja kamili. Pasi ya wati 1,000: sekunde tatu na nusu hivi. Mwisho wakachomeka hita ya kuchovya kwenye ndoo, ya wati 1,500. Kijitaa kikaanza kukonyeza kila baada ya sekunde mbili na ushei, bila kupumzika. Mjomba, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akakohoa kidogo, akaenda kuangalia magunia yake.

Hita hiyo ilikuwa ya maji ya kuoga. Kila asubuhi ndoo nne, kila mtu na yake. Tuhesabu pamoja. Lita moja ya maji ikipanda joto kwa nyuzi moja inahitaji kilojuli 4.2. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 15 za maji yetu ya Julai hadi nyuzi 45, kwa kuwa yatapoa kidogo njiani kwenda bafuni, ni 20 mara 30 mara 4.2, yaani kilojuli 2,520. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo ndoo moja inakula 0.7 ya uniti. Ndoo nne kwa siku, siku 30: uniti 84.

Kuoga tu, bado hamjawasha taa.

Sasa wekeni hiyo 84 pembeni ya namba nyingine, ambayo kwa maoni yangu kila mtoto wa Sumbawanga angepaswa kuijua: 75. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nyumba ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi. Mteja wa daraja linalofuata hulipa 292, na kodi na tozo zikiingia inakaribia 356. Ndiyo maana shilingi elfu moja humpa mmoja uniti 8.2 na jirani yake uniti 2.8 tu. Umeme wao ni uleule. Familia yetu ya Kizwite ilikuwa inauvuka mstari wa 75 kwa maji ya kuoga peke yake, huku wakigombana juu ya chaja ambayo kwa mwezi mzima haifiki hata nusu uniti.

Mjomba akaja na ujanja wake: tuchemshe nusu ndoo mpaka iwe ya moto sana, halafu tuongeze maji baridi. Msidanganyike. Lita 10 kutoka nyuzi 15 hadi 75 ni 10 mara 60 mara 4.2, na jibu ni lilelile 2,520. Maji hayadanganyiki. Linalopunguza ni kutumia maji kidogo zaidi, kuridhika na uvuguvugu, au kuyapa maji joto la bure kabla ya kuchomeka hita.

Joto la bure tunalo. Kiangazi chetu ni cha baridi, lakini jua lake ni kali kweli. Dumu jeusi la lita 20 likiwekwa juani tangu asubuhi, pembeni ya ukuta unaolikinga na upepo, jioni maji yake yamepata uvuguvugu. Yakifika nyuzi 30, hita imebaki na nusu ya kazi, na nusu ya gharama. Ila inabidi watu waoge jioni badala ya alfajiri, na hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa, kwa sababu mazoea ni magumu kuliko hesabu. Wenye uwezo huweka juu ya bati hita ya jua yenye tangi lake. Ni ghali kuinunua, lakini ikishafungwa jua halina tokeni.

Na hili sikilizeni vizuri: hita ya kuchovya haichezewi. Zima kwenye soketi, chomoa plagi, ndipo uguse maji. Mtoto asiichomeke peke yake, hata kama amechelewa shule.

Tukimaliza hita, vingine ni rahisi. Ile globu ya ukumbini iliwaka saa tano kila usiku, uniti 9 kwa mwezi. Globu ya waya hutoa mwanga kwa kiasi cha asilimia 5 tu ya umeme inaoula. Unaobaki wote ni joto, na wanaoliota ni vipepeo wa usiku. Taa ya LED ya wati 9 ikawekwa mahali pake, na mwanga haukupungua. Kwa saa zilezile ikala uniti 1.35. Pasi nayo ina tabia ya kula umeme mwingi inapoanza kupata moto, kwa hiyo sare za wiki nzima zikapigwa Jumapili kwa mkupuo mmoja badala ya kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja. King'amuzi kilimshangaza kila mtu. Televisheni ilikuwa imezimwa kwa rimoti na chenyewe kikaendelea na wati zake 10 usiku na mchana, na kwa mwezi ni uniti 7.2 ambazo hakuna aliyezitazama. Friji ikasogezwa mbali na jiko, na mama akapiga marufuku kuingiza sufuria ya mboga ikiwa bado inafuka mvuke, maana friji ingelazimika kulifukuza joto lote lile kwa hela.

Tumeyagusa maharage ya mjomba, sasa tuyapike. Hili ni jambo la kwetu hasa sisi wa mlimani. Kule Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Sumbawanga, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na inayakandamiza maji kidogo zaidi, huchemka karibu nyuzi 94. Ukiongeza moto yatatokota kwa fujo zaidi, lakini hayatapanda hata nyuzi moja. Utakuwa unanunua mvuke. Ndiyo maana maharage yetu, pamoja na utamu wake wote, hukawia jikoni kuliko ya pwani. Mgeni hudhani ameuziwa maharage ya zamani.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza haina gharama: loweka maharage tangu jana usiku, na ukipika funika sufuria, kisha punguza moto mara tu yanapoanza kuchemka. Ya pili ni sufuria la presha. Mvuke ukifungiwa ndani, mkandamizo unaongezeka na maji yanafika kati ya nyuzi 110 na 120, yaani sufuria linakushusha kutoka mlimani mpaka chini kuliko bahari. Yale ya umeme yana ukuta unaozuia joto na hujizima na kujiwasha yenyewe, hivyo chungu cha maharage kinaiva kwa chini ya uniti moja. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mimi naona katika mikoa ya baridi na miinuko kama wetu, sufuria la presha lingetangulia mbele ya jiko la umeme la sahani. Ugali wa ulezi utaendelea kutaka mwiko na mkono wa mtu, hilo halina mjadala.

Turudi juu, kwenye paa. Bati jembamba halizuii joto hata kidogo. Usiku wa Julai wenye nyota nyingi, bati hutupa joto lake angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa ya nje, na ndiyo maana alfajiri mnaona matone yamening'inia upande wa ndani. Chumba kisicho na dari ni ilungu lililolala: pumzi zenu, joto la miili yenu, joto la birika, vyote vinapanda na kutokea pale kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, na baridi inaingilia chini ya mlango. Nyumba za nyasi za zamani hazikuwa na shida hiyo, kwa sababu nyasi hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Sisemi turudi kwenye nyasi. Zilikuwa zinavuja na zinawaka. Ila kazi iliyofanywa na nyasi inaweza kufanywa na dari, iwe ya jipsamu au ya mbao, hata kama hela inatosha chumba cha kulala tu kwa kuanzia. Chini ya mlango, mfuko mrefu wa kitenge uliojazwa mchanga unatosha.

Lakini kuna nyumba ambazo baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani, kisha hufunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta husikia kichwa kuuma na usingizi mzito, na huenda asiamke. Familia nzima zimekufa hivyo. Msilale na jiko la mkaa hata siku moja, hata kama limebaki majivu mekundu tu. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

Jambo dogo la mwisho ni soketi. Mkiona plagi au ekstensheni ina joto, imebadilika rangi au inanuka plastiki iliyoungua, hapo umeme unapotea na moto unajiandaa. Msiguse. Mwambieni mtu mzima amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kijana wa mtaani mwenye bisibisi na tepu.

Ile familia ya Kizwite ilifika chini ya uniti 75 bila kununua kitu zaidi ya taa moja na madumu meusi manne, na mjomba ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuoga jioni. Nanyi mkirudi nyumbani msianze kugombana juu ya chaja ya simu. Hesabuni sekunde za kijitaa cha mita, kisha anzeni na ndoo ya maji ya kuoga.